Kovu la Kwetu Halikatwi

Siku Wakiuru alipoikataa nyama ya Faki, Lela alikuwa amesimama palepale mlangoni mwa bucha, bakuli la wali mkononi, hata kifuniko hajakifungua.

Wakiuru alikuwa mteja wa miaka saba. Alikuwa na hoteli kule Donholm, na kila asubuhi alikuja Soko la Burma mwenyewe, akaishika nyama kwa vidole, akainusa, akabishana bei, kisha akacheka na kuondoka na kilo zake kumi na tano. Siku hiyo alichelewa, ilikuwa karibu adhuhuri, na hakushika kitu. Alikaza macho shingoni mwa Faki, pale koti jeupe lilipoachia upande wa kushoto, akasema kwa sauti ya chini kama anayemstahi mtu ambaye zipu yake imefunguka:

"Faki, usinielewe vibaya. Hicho kitu chako... wateja wangu wakikiona?"

"Wateja wako hawafiki hapa, mama," Faki akasema. Kisu kilikuwa bado mkononi. "Wanakula kule kwako."

"Mimi nafika. Na mimi nimekiona."

"Ni kovu tu. Keloidi. Haiambukizi."

"Kwani nimesema inaambukiza?" Wakiuru alikuwa amesharudi nyuma hatua moja bila kujijua. "Leo nitachukua kwa jirani. Ukishajitibu tutaongea."

Akaenda kizimba cha pili. Owiti, aliyekuwa akikata nyama pamoja na Faki tangu wote wawili wakiwa vijana, akainama kufuta mizani iliyokuwa safi. Faki akafunga kifungo cha juu cha koti. Kile kitu kikakisukuma kitambaa kwa ndani, kikatuna kama mtu aliyeficha embe.

"Umeleta pilipili?" akamuuliza mkewe.

"Nimeleta."

Akalipokea bakuli, akaliweka juu ya friji, akarudi kwenye gogo lake la kukatia. Jioni Lela alilikuta limerudi nyumbani na wali wake wote.

*

Walikaa Majengo, Pumwani, vyumba viwili katika nyumba ya zamani yenye ujia katikati na milango sita. Lela alikuwa na cherehani barazani, akishona madera na sare za madrasa. Jioni hiyo alifunga kazi mapema, akamketisha Faki kitandani karibu na dirisha, akamvua shati.

Alikuwa amekizoea mno kile kitu hata alikuwa haoni tena kinavyokua. Sasa alikitazama kwa macho ya Wakiuru. Kilianzia juu ya mtulinga wa kushoto, kikapanda begani. Vinundu vitatu vilivyoshikana kama mzizi wa tangawizi, vigumu, rangi ya zambarau iliyopauka, ngozi yake imevutwa mpaka inang'aa. Miaka minne iliyopita kilikuwa kama punje ya mbaazi.

"Kinauma?"

"Siku hizi kinauma kidogo. Nikibeba."

"Si usibebe upande huo."

"Nusu ng'ombe nitaibeba na meno?"

Ngozi ya akina Faki ilijulikana mtaani kote. Mtu wa ukoo ule akichanjwa, chanjo huota kifungo. Khawla, binti yao wa pekee, alitobolewa masikio akiwa mchanga, na sasa ana miaka kumi na saba, nyuma ya kila sikio ana kigololi, ndiyo maana hakuwahi kubana nywele juu. Na mama yake Faki, Mungu amrehemu, alikuwa na kovu kifuani lililotokana na tone la mafuta ya moto alipokuwa akikaanga mahamri. Hospitali wakamshawishi likatwe. Likakatwa. Baada ya miezi sita lilirudi kubwa mara tatu, likaenea mpaka kwapani, likimwasha hata akawa anajikuna kwa kitana. Lela ndiye aliyemwogesha mama mkwe miaka yake ya mwisho. Alizijua zile nyama kwa viganja vyake. Na mama mkwe alikuwa akimwambia, kila maji yalipomfika kifuani: "Mwanangu, kovu la kwetu halikatwi. Usije ukakubali."

"Lakini baba hakukatwa pale," Khawla akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na kitabu chake cha baiolojia. "Keloidi si lazima ianzie kwenye kidonda? Pale palikuwa na kidonda gani?"

"Ni kubeba," Faki akasema. "Miaka ishirini nabebea hapo. Mfupa wa ng'ombe ukikusugua kila alfajiri, si kidonda hicho?"

"Mimi nimesoma kwa simu, kuna magonjwa yanafanana na keloidi na si keloidi."

"Kwa simu kuna kila kitu," Lela akasema. "Nenda ukaweke chai."

Hata hivyo hospitali ilibidi waende. Afisa wa afya alikuwa amepita sokoni wiki hiyohiyo, akatazama cheti cha afya cha Faki, akatazama shingo yake, akasema cheti hakitatiwa muhuri mwingine mpaka daktari wa ngozi aandike kwamba ile si hatari kwa walaji.

*

Kliniki ya ngozi ilikuwa siku ya Jumanne. Watu walijaa kwenye mabenchi ya ukumbi, na muuguzi akatokea na mafaili kifuani, akapaza sauti: "Wa keloidi ni nani? Wa keloidi wakae upande huu!" Faki akainuka, watu wote wakimtazama, akaenda kukaa upande huo. Alikuwa peke yake.

Ndani walikuta daktari mwanamke, kijana kuliko Lela alivyotarajia, amevaa miwani, jina lake Mwongeli. Nyuma yake walikuwa wanafunzi wanne. Daktari akaomba ruhusa wanafunzi watazame. Faki akasema watazame tu. Akavua shati, akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, na wanafunzi wakamzunguka, mmoja akibonyeza kwa kidole, mwingine akipima kwa rula ya plastiki.

Mwongeli hakuwa na haraka. Alimuuliza kilianza lini, kama paliwahi kukatwa, kama kinawasha. Akashika vinundu kwa vidole viwili, akavisukuma huku na huku. Akamtazama Khawla, ambaye alikuwa amesindikiza, akamwomba aonyeshe masikio yake. Akayashika yale pia. Kisha akarudi kwa baba.

"Mzee, nataka kuchukua kipande kidogo. Kidogo hivi, kama kichwa cha msumari. Tunakitia ganzi, husikii. Kinakwenda maabara kinapimwa."

"Kukata," Lela akasema.

"Kukata kidogo, mama."

"Daktari, hapana."

Mwongeli akaweka kalamu chini. "Niambie unachoogopa."

Lela akamwambia. Alimsimulia kifua cha mama mkwe toka mwanzo mpaka mwisho, tone la mafuta, kisu, miezi sita, kitana. Wanafunzi walisikiliza. Alipomaliza, Mwongeli akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Yote uliyosema ni kweli. Keloidi ukiikata ovyo inarudi na hasira. Ningekuwa najua kwamba hii ni keloidi, nami nisingeikata. Shida yangu ni kwamba sijui kama ni keloidi. Imeanza pasipo kidonda. Inakwenda chini, haiko juu tu. Haiwashi, inauma. Kuna ugonjwa unajifanya kovu, na kwa macho mimi siwezi kuutofautisha. Hakuna anayeweza."

"Na ukikata ukute ni keloidi?"

"Basi tutaichoma sindano isirudi."

"Na ikirudi?"

Daktari hakutaka kumdanganya. "Inaweza kurudi," akasema.

"Umesikia?" Lela akamgeukia mumewe. "Mwenyewe anasema inaweza kurudi."

Wote wakamtazama Faki. Alikuwa ameketi na shati mapajani, mabega makubwa wazi mbele ya watu wasiomjua. Akaangalia rula mkononi mwa mwanafunzi, akaangalia mkewe.

"Mama Khawla ameshasema," akasema, akaanza kuvaa.

Khawla akatoka nje kabla yao. Mwongeli akaandika barua, akaikunja, akampa Lela mkononi. "Jumanne yoyote, mama. Usipange foleni. Njoo mpaka mlangoni useme ni mimi nimekuita."

*

Walipata tiba nyingine. Mtaani kulikuwa na kliniki ya chumba kimoja yenye pazia la kijani, na mhudumu wake alisema keloidi huchomwa sindano, kila mwezi mara moja, hata miezi sita. Hakuhitaji kupima. Alikitazama tu akakipa jina. Zaidi ya hayo, akamwandikia Faki karatasi yenye muhuri, na afisa wa afya akaipokea. Lela alirudi nyumbani siku hiyo akiona kwamba amemwokoa mumewe na kisu.

Sindano ziliingia kwa shida kama zinazochomwa kwenye gome la mti. Faki alikuwa akiuma ukosi wa shati. Jioni Lela alimpaka habasoda, asubuhi maji ya kitunguu, wakati mwingine shubiri. Mwezi wa pili alipima kwa utepe wake wa kushonea, akaukunja haraka. Mwezi wa tatu hakupima.

Sokoni Owiti alikuja na maneno yake, na alikuwa amejiandaa.

"Boss, nimefikiria hivi. Hii mambo ya wateja, wacha mimi nisimame mbele. Wewe ukae huku nyuma kiasi, ushughulike na matumbo. Ni ya muda tu. Mpaka hiyo kitu itulie."

"Matumbo," Faki akasema.

"Si ati nakudharau. Unanijua."

"Nakujua."

Faki, ambaye kwa miaka ishirini alisimama mbele ya gogo na watu wakimwita fundi, alienda nyuma ya pazia la plastiki, akaanza kuosha matumbo kwenye karai. Hakumwambia mkewe. Lela aliligundua kwa harufu ya nguo alipokuwa akizifua. Akaziloweka mara mbili, akazianika, naye hakumwambia kwamba amegundua.

Msikitini palikuwa na mzee aliyekuwa akisimama bega kwa bega naye kila Ijumaa. Siku moja mzee huyo alisogea safu ya mbele, ingawa safu yao haikuwa imejaa. Hilo Faki alilieleza mezani, akicheka. "Labda alitaka kumsikia imamu vizuri," akasema. Khawla hakucheka. Akasukuma sahani yake.

"Mama, ile barua ya daktari iko wapi?"

"Barua gani?"

"Unaijua."

"Sindano bado mbili."

"Zimefanya nini hizo nne?"

"Khawla," Faki akasema. "Mama yako ndiye anayeniuguza."

Msichana akainuka, akaosha sahani zote, zake na zao, kwa kelele.

Sindano ya sita ndiyo iliyoamsha mambo. Baada ya siku tatu ngozi ya juu ilipasuka. Faki alijifunga kitambaa, akaenda kazini kama kawaida. Ilikuwa Jumamosi, soko limejaa watu wa nyama choma. Mtu akaagiza nusu mbuzi, Owiti alikuwa na wateja wengine, Faki akatoka nyuma akainyanyua begani kwa mazoea ya siku zote. Alipoitua mezani, mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri akapiga kelele. Damu ilikuwa imeloa koti kutoka shingoni mpaka mfukoni, na nyingine imechirizika juu ya ubavu wa mbuzi.

Hakuna aliyemtukana. Watu waliondoka tu, mmoja mmoja, kimya kimya, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Owiti akaichukua ile nusu mbuzi yote, akaitupa kwenye pipa, akamwaga dawa juu. Kisha akamvua Faki koti kwa mikono yake, akamvalisha jaketi lake mwenyewe.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Bucha ni yako. Lakini nenda nyumbani."

*

Jumanne iliyofuata Lela alienda hospitali peke yake. Alifika mlangoni, akasema jina la daktari, akaingizwa. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kujitetea, kwamba ni mama mkwe aliyemuusia, kwamba yule wa kliniki alisema sindano sita. Alipomwona Mwongeli maneno yote yalimpotea.

"Kimepasuka," akasema.

Daktari alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Lela alisimama akiingoja kauli hiyo, akaona ingemfaa, kama mtu anayehitaji kupigwa kofi. Mwongeli akavuta kiti.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaona haya kutoka."

"Mlete leo. Nitangoja hata kama kliniki imefungwa."

Kipande kikachukuliwa. Faki alisema kweli hakusikia kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko mtu kukatwa nywele. Lela alikuwa amesimama pembeni, akatazama kile kinyama kikielea kwenye kichupa, kidogo kama alivyoambiwa, kichwa cha msumari. Akafikiria ile miezi sita iliyopita.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Mwongeli aliwaeleza polepole, kwa Kiswahili, bila kujificha nyuma ya majina marefu. Haikuwa keloidi. Haikuwahi kuwa keloidi. Ilikuwa saratani ya ngozi isiyo ya kawaida, inayokua taratibu kwa miaka, inayotambaa chini kwa chini kama mizizi ya nyasi, na juu inajionyesha kama kovu. Mara nyingi haiondoki pale ilipo, na mtu akikatwa mapema, akakatwa pana, hupona.

"Mara nyingi," Lela akarudia.

"Ya mzee imeanza kubadilika. Sehemu moja ya kile kipande ina chembe zenye kasi. Kwa hiyo tunakata haraka, na tunakata mbali."

"Mbali kiasi gani?" Faki akauliza.

Daktari akachora begani kwake mwenyewe kwa kidole, juu ya koti lake jeupe: kutoka shingoni, kupita mtulinga, kuteremka kifuani, kuzunguka mpaka nyuma ya bega. Faki akafuata kile kidole kwa macho. Miaka yote alikuwa akichora hivyohivyo juu ya nyama, akiwaonyesha wateja anapotaka kupitisha kisu.

"Na mkono?"

"Utabaki. Sina hakika utaubeba mzigo tena."

Akatabasamu. "Mzigo nimebeba wa kutosha, daktari."

Lela hakuuliza swali alilokuwa nalo. Alilibeba mpaka korido, mpaka getini, mpaka barazani kwake. Ingekuwa miezi sita iliyopita, zile chembe zenye kasi zingekuwapo? Hakuliuliza siku ile wala siku nyingine, kwa sababu aliogopa Mwongeli asingemdanganya.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri, ndivyo walivyoambiwa. Walimtoa Faki nyama ya ukubwa wa sahani ya chai na kipande cha mfupa, wakachukua ngozi ya paja wakaipandikiza begani. Alirudi nyumbani na bega lililobonyea, mkono wa kushoto umening'inia, na bandeji ambazo Khawla alijifunza kuzibadilisha kwa maji ya chumvi. Bucha ilikuwa mikononi mwa Owiti. Kila Ijumaa aliwaletea nyama iliyofungwa vizuri, na kila Ijumaa alikaa barazani akipiga porojo za sokoni, akimwita Faki boss mbele ya majirani, kwa sauti ya kusikika.

Mwezi wa tatu lile eneo la paja lilipochunwa ngozi likaanza kuwasha. Likainuka, likawa jekundu, likatuna, mraba mzima umepandana matuta. Lela alipoliona, alichukua buibui lake. Wakakimbia hospitali. Mwongeli akalishika, akalibonyeza, akaamuru lipimwe, na wiki ya majibu Lela hakushona hata pindo.

"Hii ni keloidi," Mwongeli akasema. "Keloidi kabisa."

Faki akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega. "Kwa hiyo ngozi yetu haikutusahau," akasema. Khawla naye akacheka, na hata Lela, huku machozi yakimtoka. Walicheka mle chumbani kama watu walioletewa mtoto mchanga, na wagonjwa kwenye mabenchi waligeuka kuona kuna nini. Ilikuwa siku yao ya mwisho ya kucheka namna hiyo.

Kikohozi kilianza wakati wa mvua. Kila mtu alikuwa akikohoa wakati huo, Majengo nzima. Kilipopita mwezi wa pili wakapiga picha ya kifua, na Mwongeli akaiweka kwenye taa, akasimama akiitazama kwa muda mrefu akiwa amewapa mgongo. Palikuwa na madoa kila pafu, mviringo, mengi. Aliwaandikia vidonge vya kupunguza kasi. Hakusema vya kuponya, na wao hawakumuuliza.

*

Asubuhi moja, jua limetoka baada ya siku nyingi za matope, Faki aliomba akae barazani. Lela akamtandikia mkeka karibu na cherehani, akamwekea mito. Mumewe alikuwa amekonda, saa ya mkononi imemcheza mpaka kiwiko. Akawa anamtazama Lela akitia uzi sindanoni. Alikosa mara ya kwanza. Alikosa mara ya pili.

"Umekosa tena," Faki akasema.

"Ni baridi."

"Lela."

Faki alikuwa hamwiti hivyo mchana. Mchana alikuwa Mama Khawla. Akauacha uzi.

"Unajua ninachokifikiria kila siku?" akasema Lela, na sauti ikamtoka asiyoijua, kama ya mtu mwingine aliyekuwa amefungiwa ndani. "Ile Jumanne. Angekata ile Jumanne. Kichwa cha msumari, Faki. Nilikukatalia kichwa cha msumari. Nilijiona najua. Nimekuua kwa kujua kwangu."

Faki akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Jirani alipita na ndoo, akawasalimia, wakaitikia wote wawili vizuri, hujambo, sijambo, habari za asubuhi, nzuri. Jirani alipoingia ndani, Faki akaendelea.

"Mimi niliogopa kuliko wewe."

"Unanifariji tu."

"Sikufariji. Nisikilize, sina pumzi ya kurudia. Nimekata nyama miaka ishirini. Najua kisu kinafanya nini. Yule daktari aliposema kukata, nilikiona kisu changu mwenyewe. Nilikuwa namwomba Mungu, kimoyomoyo, ukatae. Ukakataa. Nilifurahi, Lela. Nilivaa shati langu haraka ili asibadilishe mawazo yako. Nikasema Mama Khawla ameshasema, ili woga uwe wako, mimi nibaki mwanamume mbele ya wale watoto."

Lela akamtazama. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani.

"Na mwaka mzima umeniacha nibebe peke yangu?"

"Nimekuacha," akasema. "Nisamehe."

Hasira ilimpanda Lela, hasira ya kweli, ya kwanza tangu ugonjwa uanze, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kutuliwa mzigo. Aliinuka, akaenda ndani, akasimama gizani kwenye ujia, mkono ukutani. Kisha akarudi na kikombe cha tangawizi, akakaa chini mkekani, si kwenye kiti, akamshikia kikombe anywe.

"Mwanamume gani wewe," akasema. "Unaogopa kichwa cha msumari."

"Ndiye huyohuyo aliyekuoa."

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo.

*

Alikufa kabla ya adhuhuri, Khawla akimsomea, mkewe amemshika mguu. Mwosha maiti alikuwa mjomba wa Faki, mzee Jamil, aliyekuja na vijana wawili wa msikitini, ndoo, karafuu maiti na majani ya mkunazi. Chumba kikasafishwa, pazia likafungwa. Lela alikuwa amekaa na wanawake upande wa pili. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda mlangoni.

"Mjomba, nitamuosha mimi."

Wanawake wakaguna. Mmoja akamshika mkono. Mzee Jamil akamtazama, kisha akawaambia wale vijana watoke.

"Ni haki yake," akasema. "Mke anaruhusiwa. Ingia, mwanangu. Mimi nitakumwagia maji, wewe uoshe."

Wakaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Lela alipitisha kiganja chenye sabuni kwenye mkono uliokuwa mzito na sasa hauna uzito, ubavuni, kwenye mguu, juu ya yale matuta ya pajani. Mzee alikuwa akimwaga taratibu, midomo ikicheza kwa dua. Wakahamia kushoto. Akamwaga shingoni, maji yakateremka, na alipofika begani, pale ngozi iliyoshonwa ilipobonyea mpaka mfupa ukaonekana umbo lake, kata ikasita hewani.

"Mwaga tu, mjomba," Lela akasema. "Hapaumi tena."

Mzee akamwaga. Lela akaweka kiganja chake kizima pale, akapaosha mara tatu, polepole, bila kuharakishwa na mtu.